Kwa Baba Machuki Ondieki, Kuhusu Kanuni ya Tisa

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu homa ya mapafu ikuchukue tarehe 11 Juni 1966, na nyumba yetu ya Homa Bay bado haijazoea.

Familia imenikabidhi mimi, Orpah, kazi ya kukuandikia tangazo hili la kumbukumbu gazetini kwa kuwa nasoma shule ya bweni na mwandiko wangu unasomeka. Mwandiko huo ndio uliotufikisha hapa. Nitaeleza.

Ulikuwa saisi, mtunza farasi wa Mzungu mmoja kule Sotik, kwa miaka kumi na minane. Alipoondoka mwaka wa Uhuru alikuachia farasi watano ambao hakuna mwingine aliyewataka, ukatembea nao hadi nyumbani. Majirani walisema umeleta punda warefu. Wewe ulisema wauguzi na walimu wanaoshinda na shida za watu wiki nzima wanastahili kuliona ziwa kutoka juu. Basi kila Jumapili ulijitolea kuwapandisha farasi, kuwaongoza hadi kilimani na kuwarudisha. Hukupokea kitu ila chai.

Ulikagua kila tandiko kwa mkono wako. Mwoga kuliko wote ndiye aliyeamua mwendo wa wote. Bwana Bashir wa duka la nguo alipotetemeka, ulitembea kando yake safari nzima ukimwuliza habari za khanga mpya, mpaka akasahau kuogopa.

Nyanya Bathsheba alipotaka kupanda, ulipata taabu kidogo, maana yeye ni mama mkwe wako na heshima haikukuruhusu umguse wala umsemeshe ovyo. Ukamgeukia Jemadari, farasi wako mkubwa.

"Jemadari, mwambie aliye mgongoni ashike hatamu, asishike masikio yako."

"Jemadari," Nyanya akajibu, "mwambie anayekuvuta kwamba nimelea watoto tisa, na sikumshika mtu sikio bila sababu."

Mlizungumza hivyo mpaka kilimani. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Likizo ya Aprili, kabla hujaugua, ulinipa ubao na rangi nikuandikie kanuni zako za safari, kwa kuwa hukufundishwa kusoma. Nane niliziandika kama ulivyozitaja. Ya tisa ulisema: "Bonde la Lambwe hapana. Pitieni ufukweni, hata kukiwa na matope." Mimi nikaandika: "Ni marufuku kumsengenya farasi mbele ya wenzake." Uliponiambia nikusomee, nilikusomea ya bonde, uso mkavu kama wa mhubiri. Wauguzi waliposoma ubao walicheka, nawe ukafurahi kwamba kanuni zako zimewapendeza. Nilikusudia kuifuta. Shule zikafunguliwa. Juni ukatuacha.

Baba mdogo Nyakundi alichukua kazi yako, naye pia bila malipo. Ndugu yangu Mokaya amenisimulia ilivyokuwa Jumapili moja ya Novemba, njia ya ufukweni ilipojaa matope.

"Tupite bondeni?" Mokaya aliuliza.

"Ubao unasemaje?"

"Haukatazi."

"Basi twende. Mtu aliyekumbuka mpaka masengenyo ya farasi, bonde lingekuwa baya angelisahau?"

Wakapita bondeni. Kulikuwa na kivuli na majani mabichi. Watu wote walirudi salama, na Baba mdogo alijisifu kidogo, jambo ambalo si kawaida yake. Lakini farasi walikuwa wameumwa na mbung'o, nzi wa bondeni wanaoambukiza mifugo ugonjwa.

Niliporudi Desemba walikuwa wakila na bado wanakonda. Macho yalichuruzika machozi, miguu ilivimba. Bwana mifugo aliwadunga sindano, akauliza ni nani aliyewapitisha Lambwe, halafu akasema tumechelewa kumwita. Wanne wamekufa. Mokaya ananiandikia kwamba Jemadari bado husimama asubuhi, lakini si kila asubuhi. Wanampelekea maji kwa ndoo. Hakuna anayejua la kufanya zaidi, na mimi niliye mbali najua kidogo kuliko wote.

Sokoni watu wanasema Nyakundi amemaliza farasi wa marehemu kaka yake. Yeye hakanushi. Ameacha kuja kula kwetu, na kanisani anakaa benchi la nyuma. Desemba nilimpa pole bila kutaja ubao. Aprili nilimpa pole tena.

Baba, ndugu yako hana kosa. Aliufuata ubao neno kwa neno, kama ulivyotaka ufuatwe. Maneno yalikuwa yangu. Wewe ulilikataza lile bonde, nami sikuandika, nikakuficha.

Nyumbani hawajalisoma tangazo hili. Nimelipeleka posta mwenyewe, na watalisoma gazetini pamoja na watu wa sokoni.

Unakumbukwa na mkeo Jedidah, mama mkwe wako Bathsheba, ambaye mpaka leo hatamki jina lako, kwa heshima, mwanao Mokaya, ndugu yako Nyakundi, na binti yako Orpah.

Tutakukumbuka siku zote. Mimi ningependa kukukumbuka nikiwa nimeketi karibu na Baba mdogo, kama atanikubali.