Mkono wa Renetta

Nashville, Tennessee
Jumapili, 22 Septemba 1957

Dada yangu mpenzi Cordie,

Salamu zangu zikufikie huko Cleveland, wewe na shemeji Hosea, zikukute goti lako limetulia na baridi ya ziwa haijaanza kukuchokoza. Sisi hapa ni wazima. Theotis mgongo unamsumbua tangu wamhamishie kwenye magunia ya unga pale kinuni, lakini hataki kusikia neno uzee. Mama mkwe wangu, Mama Lovie, anakusalimu sana. Anasema mbegu za bamia ulizomwomba bado zinakauka, na usimharakishe.

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara nne. Unasema chumba cha nyuma umeshakitandika, tumlete Renetta akae kwenu hadi moto upoe. Mungu akulipe, Dada. Jibu utalipata humu humu, ila nivumilie nilifikie polepole.

Wewe unajua shule ya Wazungu iko mitaa minne tu kutoka kwetu, na ya kwetu iko ng'ambo ya reli. Iliposemwa kwamba mwaka huu watoto weusi wa darasa la kwanza wanaweza kuandikishwa kule, Theotis alitaka tungoje tuone wenzetu watafanya nini. Mama Lovie ndiye aliyetuamua. Alisema amepita mbele ya jengo lile miaka arobaini akiwa na nguo za watu kichwani, na angependa kabla hajafa mmoja wa damu yake aingie mle bila ndoo wala fagio. Theotis akavaa kofia, tukaenda kumwandikisha binti yetu.

Habari zilifika haraka. Bi Haskew, yule Mzungu niliyempikia miaka tisa, aliniita barazani akasema yeye binafsi hana neno nasi, ila mume wake anafanya biashara na Wazungu wenzake, hivyo nifikiri vizuri hadi Ijumaa. Nilifikiri, nikamrudishia aproni yake ikiwa imepigwa pasi. Sasa nashona nyumbani, na tunakula. Kisha simu zikaanza. Mwanamume mmoja alipiga kusema atatuchomea nyumba, kwa bahati mbaya yake akapokea Mama Lovie, ambaye alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, mama yako anajua uko kwenye simu?" Yule bwana akakata. Tulicheka hadi Theotis akashika mgongo, ingawa usiku ule yeye na mimi hatukulala.

Jumatatu ya tisa tukampeleka. Watu walikuwa wamejaa njia nzima, wanawake kwa wanaume, wengine wamebeba mabango, na matusi yao sitayaandika siku ya Bwana. Renetta aliingia. Mwalimu wake ni msichana wa Kizungu mwenye sauti ndogo, akamkalisha karibu na dirisha na kulitamka jina lake sawasawa. Kabla ya saa nne akina mama walikuwa wameshakuja kuwachukua watoto wao, hata darasa likabaki na watoto tisa.

Ya shule ile ya upande wa mashariki iliyolipuliwa kwa baruti usiku wa siku hiyo umeyasoma magazetini. Kishindo kilitufikia kitandani. Asubuhi polisi waliweka vizuizi barabarani, na tangu hapo makundi yamepungua. Watoto wanarudi mmoja mmoja, sasa ni kumi na saba. Renetta anaandika jina lake lote, na ameshagombana na mvulana mmoja kwa ajili ya bembea, ugomvi wa kawaida kabisa wa watoto. Niliposikia habari hiyo nilikaa jikoni nikalia kwa furaha.

Sasa, Dada, kuhusu ile picha ya gazetini. Unaniambia umeibandika ukutani, na kwamba wanawake wa kanisa lenu wanasema mama aliyeweza kumwacha mtoto wa miaka sita apite peke yake katikati ya simba ana moyo wa chuma. Siwezi kukuacha uendelee kunisifu.

Sikumwacha apite. Nilimwachia mkono.

Theotis alikuwa kazini, tulikwenda wawili tu. Tulipokaribia lango mwanamke mmoja, mtu mzima kama mama yetu, alitutemea mate, yakaangukia kola ya gauni la manjano alilovaa Renetta. Sijui nini kilinipata. Nilijikuta nimesimama nyuma ya lori lililoegeshwa, mikono yangu yote miwili kifuani, na mtoto wangu yuko mbele, anatembea. Hakugeuka. Ndipo mpiga picha wa gazeti alipompiga ile picha. Mimi nilibaki pale hadi mlango ulipofungwa.

Jioni nikiwa nafua ile kola aliniuliza kwa nini nilimwachia. Nikamdanganya. Nilisema nilitaka aone kwamba yeye ni mkubwa, anaweza. Dada, laiti ungeuona uso wake. Alimwambia baba yake, akamwambia bibi yake, akaenda kumwambia na jirani. Asubuhi ya Jumanne, baada ya kile kishindo, Theotis na mimi tulikuwa tumekubaliana abaki nyumbani. Nikamkuta sebuleni amevaa, viatu kavivaa kinyume. Akaniambia, "Leo unaweza kupumzika, Mama. Njia naijua."

Nilimgeuzia viatu, nikachukua kofia yangu. Siku ile nilimfikisha hadi mlangoni mwa darasa, na tangu hapo sijakosa hata siku moja. Lakini ule uongo ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jana nikiwa namsuka nilimweleza ukweli wote: kwamba niliogopa, nikajificha, na kwamba sikuwa nimepanga chochote. Aligeuza kichwa magotini mwangu akanitazama. Kisha akasema, "Basi Jumatatu nitakushika mimi. Nitakushika kwa nguvu."

Kwa hiyo, Dada, kitanda ulichotandika kisibaki bure. Tutamleta Krismasi, sote wanne, atalala hapo wiki mbili ale keki yako, kisha tutarudi naye shuleni. Mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kumwingiza darasani, wala sasa sina haki ya kumtoa.

Theotis anasema mwambie Hosea kwamba mwaka huu ni zamu yake kushindwa kwenye drafti. Mama Lovie amenifokea nisisahau zile mbegu. Renetta anakusalimia, Mama Mkubwa, na jina alilolichora pembeni mwa karatasi hii ni kazi ya mkono wake.

Picha usiibandue. Ila wanawake wa kanisa wakikuuliza mama yake alikuwa wapi, usinifichie. Waambie alikuwa nyuma ya lori, na kwamba anakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Ozella