Figo Ulilotaka Kunipa

Nalufenya, Jinja
Januari 1997

Baba yangu, Afande wangu,

Nimepasuliwa, na nimepona. Naanza na hilo kwa sababu ungeniuliza hata kabla ya kuketi.

Unakumbuka siku daktari alipotuonyesha picha ya eksirei, figo langu la kushoto limevimba kama parachichi? Hajamaliza kueleza, ukasimama wima kama uko gwaride, ukasema kwa Kiswahili chako cha askari wa magereza: "Daktari, mimi iko na mbili. Toa moja, pea mtoto." Nikaona haya. Miaka ishirini na sita, naitwa mtoto! Daktari akacheka, akakueleza taratibu kwamba figo lenyewe bado zima, ila njia ya mkojo imebana pale inapoanzia. Ataikata sehemu ile nyembamba, aishone upya, mkojo ushuke. Ukamsikiliza, halafu ukamwambia, "Sawa. Lakini ikikataa, mimi niko."

Wiki mbili baadaye presha ikakuchukua. Tukakuzika nyumbani Busiu. Nikamwambia Mama sirudi hospitali, sitaweza kulala kwenye kitanda kile nikijua hupo hapo nje. Hakubishana. Alifunga nguo zake kwenye leso, tukaenda Mbale kupanda teksi ya Jinja. Njiani akasema neno moja tu: "Mimi nimeshazika mmoja."

Baada ya upasuaji nilikaa siku kumi na mrija ubavuni, mkojo ukishukia kwenye mfuko. Siku walipoufunga, waone kama njia mpya inapitisha, nilimshika Mama mkono nikayangoja yale maumivu ya ubavuni yaliyonileta hospitali. Nikangoja. Hayakuja. Nilipokwenda haja nililia chooni kama mjinga, Baba, kwa furaha ya kukojoa tu! Ungenicheka.

Kesho yake daktari akauliza, "Yule mzee wa figo yuko wapi?" Mama ndiye aliyemwambia. Daktari akavua miwani, akaketi kitandani pangu. Akasema, "Wazazi wengi huniuliza kama mtoto atapona. Yeye alikuja na jibu lake." Mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kovu linawasha, lakini nalala. Daktari amesema kufikia mwezi wa tatu naweza kushika jembe. Mvua zikianza nitakuja Busiu.

Pumzika, Baba. Mama hatalima peke yake.

Mtoto wako,
Nambozo