Mlima Uliohamia Kushoto

Salha, yule Anderson wa ofisini nimemmaliza! Mbele ya kikao kizima cha usharika!

Ile picha ya ukumbi mpya utakaojengwa Suji, niliyohangaika kuichora kwenye kompyuta wiki tatu, kairusha ukutani kwa projekta kama kazi yake. Jina langu kalifuta. Halafu kaigeuza, kulia ikawa kushoto, eti nisiitambue. Mimi! Nisiitambue!

Nilijua wenye Suji yao watamshika wenyewe.

Bibi Koleta, jirani wa kiwanja chenyewe, akasimama: "Kijana, ukitoka barabarani mlima wetu uko kulia. Huu wako umehamia lini kushoto?"

UMEHAMIA LINI, Salha! Kikao kizima kicheko. Anderson anasema kompyuta imekosea, jasho linamtiririka, na baridi yote ile ya Suji!

Ndipo nikaomba kuonyesha yangu. Mlima kulia, migomba ya Bibi Koleta, hadi bati lake lenye kutu.

Bibi akasema, "Hapa sasa ndipo kwetu." Kazi ya ukumbi nikapewa mimi palepale.

Anderson akaninong'oneza twende tukaongee nje.

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Tangulia. Usipotee tu, mlima uko kulia."