Kiambishi cha Watu Wawili

Jumatatu, 1 Desemba
Nambis, nyumbani kwa Mama. Mvua tangu alfajiri, maharage ya Mama yamepona. Mimi bado — sura ya tatu ya tasnifu haijasogea. Natakiwa kueleza viambishi vya uwili vilitoka wapi katika ile lugha ya kale iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India. Lugha yenyewe hakuna aliyeiandika! Umoja, uwili, wingi. Kwa nini wawili walipewa mwisho wao wa neno? Msimamizi kaandika imeili: hoja yangu haina ushahidi. Asante sana.

Jumatano, 3 Desemba
Mama alipiga simu kutoka mazoezi ya kwaya. "Tunakuja na Oliva." Nikasonga ugali wa kwaya nzima. Wakaingia wawili — Mama na shangazi Oliva! Nikatoa shikamoo huku nacheka. Shangazi akataka kujua kama ni kusoma kulikoniharibu.

Lakini nimepata! "Tunakuja na Oliva": anatajwa mmoja, Mama mwenyewe yumo ndani ya "tu". Kisanskriti nacho kina pitarau — "baba wawili", maana yake baba na mama. Labda uwili haukuanzia kwenye kuhesabu. Labda ulianzia kwa watu waliozoeana, ukimtaja mmoja wa pili yumo. Nimefurahi mno. Kurasa nne!

Ijumaa, 5 Desemba
Onesphory kapiga kutoka Gendabi anakofundisha. Jumapili hii wanasoma tangazo la mwisho la ndoa yetu. Viti vya ukumbi amepata, alivifuata mjini Katesh juzi. "Tulienda na Judith," akasema. Judith ni mwalimu mwenzake. Nikasema vizuri. Tukahamia kwenye keki.

Jumamosi, 6 Desemba
Siandiki kitu. Nimefungua sura ya tatu, nimesoma ukurasa wangu mwenyewe, nimefunga.

Tulienda na Judith. Inaweza kuwa walimu kumi, si wawili tu, na Judith akiwemo. Kiswahili kinaruhusu. Najua kinaruhusu! Mama ananisihi nile. Nina wivu, na naona haya — wivu wa kiambishi.

Saa kumi jioni nimemtumia meseji: "Katesh mlikuwa wangapi?"

Tiki mbili za bluu. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena. Mama anaita kutoka chumbani, nimpigie pasi gauni la kanisani kesho. Nimemwambia nakuja.

Jibu limeingia.

"Wangapi lini?"