Kipande cha Kandambili Kwenye Klavye

Yaya Alimasi, kaka yangu wa kazi,

Huku Baraka tuko, tunapumua. Mvua imekataa wiki ya pili, ziwa limetulia, na kiti chako kiko palepale mbele ya ordinateri, kompyuta yetu ya kituo cha afya, hakuna aliyekikalia. Mi ninakaa kwenye benchi, shingo inaniuma. Nakuandikia kwa sababu mi mwanafunzi wako nimefanya kosa ambalo wewe tu ungejua kulicheka.

Unakumbuka ulivyobandika kipande cha kandambili kwenye klavye? Ile tushi ya Tab, kitufe cha kusogeza mstari uingie ndani, iling'oka, na hapa kwetu tushi moja haiuzwi peke yake. Ukavua kandambili ya kulia, ukakata kisigino kwa wembe, ukakibandika kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Nikasema sasa klavye yetu itanuka miguu. Ukajibu kwamba angalau itajua kutembea. Wiki nzima ulichechemea, na Mama Riziki, infirmye wetu, muuguzi wa chanjo, akawa anakuuliza kila asubuhi kama mguu unataka sindano.

Tuliporudi kutoka kukuzika, nilikuta kile kipande kimebanduka, kimelala juu ya meza. Sikuwa na moyo wa kukirudisha. Tena unajua mambo ya kwetu: vitu vya marehemu havishikwi mpaka kilio kiishe. Nikakiweka ndani ya kikombe chako, nikaendelea na kazi. Kila mstari uliotaka kuingia ndani, nikawa nabonyeza nafasi mara nne. Madamu Nafasi, kama ulivyokuwa unaniita kila tulipobishana Tab au nafasi, alipata ushindi wake. Haukuwa na utamu wowote.

Halafu nikafanya la pili. Ile ekra yako, kioo cha ordinateri, Yaya! Herufi kubwa kama za kibao cha kanisa, na kila Tab umeipanua ionekane kama nafasi nane, kwa sababu sukari ilikuwa imekula macho yako. Nikaingia kwenye mipangilio, nikapunguza herufi, nikafanya Tab ionekane kama nafasi nne tu. Nikajiona nimefagia nyumba.

Jumatano ikafika. Programu yako ndiyo inayotoa orodha ya watoto wa chanjo, kijiji kwa kijiji, na Alhamisi asubuhi pikipiki inaondoka na sanduku la barafu. Safari hii ilikuwa zamu ya Lubondja. Nilikuwa nimeongeza mistari saba ili watoto wasio na karati, ile kadi ya chanjo, waandikwe kwa jina la mama. Nikaianzisha. Ikakataa. Ukatoka ujumbe mrefu wa Kiingereza, mi nikasoma namba ya mstari peke yake, arobaini na moja, nikaenda kuutazama. Umenyooka. Mistari yangu na yako imepangana sawasawa, hakuna uliotoka nje. Nikafuta, nikaandika upya, ikakataa. Nikalaumu umeme, nikazima, nikawasha. Ikakataa tena.

Mama Riziki akaja kusimama mlangoni. Hakukasirika. Alinikumbusha tu ile safari ya bila orodha, jinsi watoto wengine walivyochomwa mara mbili, na bamama wengine walivyotembea saa tatu wakarudi na watoto wao hivihivi. Nikaogopa, Yaya. Kuna watoto, na kuna wewe: niliogopa watu waseme Alimasi alikufa na programu yake.

Nikuambie ukweli, dawa sikuipata kwa akili. Nilikukumbuka tu. Nilitaka kuona ukurasa kama ulivyouacha, basi, hata kama haitasaidia kitu. Nikarudisha herufi zako kubwa. Nikarudisha nane yako. Papo hapo mistari yako ikasogea mbali kulia, na saba yangu ikabaki nyuma, imesimama katikati kama wageni wasiojua pa kukaa. Yako ilikuwa Tab, yangu ilikuwa nafasi. Mi ndiye niliyeifanya ifanane kwenye ekra, lakini ndani ya faili haikufanana hata siku moja, na programu haikubali mchanganyiko. Nikasikia sauti yako kabisa: "Usiamini macho, Faida. Ulizaka fishye." Yaani niulize faili lenyewe. Hapo nililia, na Mama Riziki akaniacha nilie.

Kulikuwa na njia ya mkato. Bonyeza mara moja tu, Tab zako zote zinageuka kuwa nafasi. Miaka miwili nilikuwa nakuomba hilo. Nikaweka kipanya juu yake, mkono ukakataa. Nikampigia mke wako, Mama Zawadi, ambaye sasa yuko Nundu kwa kaka yake, nikamuomba ruhusa ya kushika kile kipande kabla kilio hakijaisha. Akasema, "Bandika tu, Faida. Ile iko ya kazi, haina kilio."

Nikabandika, nikangoja gundi ikauke huku pikipiki inatiwa mafuta nje. Mistari saba, Tab saba badala ya nafasi. Orodha ikatoka. Kesho yake Mama Riziki alirudi kutoka Lubondja na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniambia kila mama aliitwa kwa jina lake, na sanduku limerudi tupu.

Jumamosi jamaa wakaketi kumaliza kilio. Redio ikaenda kwa mdogo wako, koti kwa kijana wako mkubwa. Ikabaki kandambili ya kulia, isiyo na kisigino. Hakuna aliyeitaka, wakawa wanataka kuitupa. Mama Zawadi akacheka, Yaya, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Iyi iko ya Faida. Ni yeye anajua kipande yake iko wapi."

Iko hapa chini ya meza, karibu na mguu wangu.

Basi pumzika, Yaya. Tab itabaki nane, ingawa macho yangu bado mazima. Atakayekuja kujifunza kwangu ataninung'unikia, na mi nitamwambia aulize faili. Kilio kimeisha, shingo bado inaniuma. Jumatatu nitakaa kwenye kiti chako.

Mimi mwanafunzi wako,
Faida