Akina Mama Waliohama

Jumanne.

Bado nasikia kicheko cha Kapteni, mkubwa wetu mpya wa ofisi ya afya, alipoisoma ripoti yangu ya kliniki za wazazi.

"We karani, nani alikuambia wamama wanakufa kwa hii serikali? Hawa wamehama. Andika hivyo."

"Ndiyo, afande."

Nikaandika ukurasa upya. Safu ya vifo ikabaki nyeupe.

Sasa kila nikifumba macho nawaona wakitembea polepole kupita mtaa wa Katwe, magauni yao ya gomesi safi, bila mizigo, wakihamia mji nisioujua. Mmoja ananigeukia kama anataka kuniuliza njia, na mimi...

Kapteni aliniamuru pia nizichome kadi zao za kliniki. Nimemwambia nimezichoma. Ziko hapa chini ya godoro, na naogopa hata kujigeuza.