Mashua Niliyoianza kwa Mbavu

Kwa hiyo hapana, sikufuga paka. Wale mlionishauri kwamba mke ambaye mume wake yuko baharini atafute paka wa kuongea naye, asanteni sana, ila mimi nimeamua kuunda mashua. Ya mbao, ndogo, urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Au tuseme nimejaribu.

Leo ni Jumapili. Mvua ya asubuhi imekatika, joto limerudi, na Kariakoo yetu imefunga milango. Siku za kazi hapa chini ni spika za matangazo, mikokoteni, wapagazi wanaopiga kelele wapishwe. Leo nasikia fagio la mtu mmoja barabarani. Nimelisikiliza mpaka likaisha.

Mume wangu Idrisa (bado naliandika neno hili, mume wangu, polepole, ili lisiishe utamu) aliondoka siku ya kumi na tisa baada ya harusi. Anafanya kazi kwenye chumba cha mashine cha meli ya mizigo, Mtwara hadi Ngazija kule Komoro, Ngazija hadi Mtwara. Meli ikiwa majini simu haipatikani. Ikitia nanga ananipigia, na mimi nacheka kama mwehu dakika ishirini nzima, namwambia niko sawa kabisa, nakula vizuri, nalala vizuri.

Siko sawa kabisa.

Nakula nimesimama. Mashati yake mawili nimeyafua mara tatu na hakuna aliyeyavaa. Mama yangu yuko Temeke, si mbali, lakini aliniambia mapema: "Usijizoeze kurudirudi hapa, watu watasema umeachika kabla hina haijafutika." Hina imeshafutika. Bado naona aibu kwenda.

Na kwa upande wa akina Idrisa nina hofu ambayo sijawahi kuiandika hapa. Baba yake ni fundi wa kuunda vyombo vya baharini kule Kilwa Kivinje. Alikuja harusini, akala pilau, akanipa mkono, akaondoka kabla hata hatujapiga picha. Tangu siku hiyo hajanipigia simu hata mara moja. Nikajijibu mwenyewe: hajanipenda. Alitaka mkwe wa kwao, anayeijua bahari, siyo mimi ninayetapika kwenye pantoni ya Kigamboni.

Ndiyo maana nikachagua mashua. Nilitaka siku moja niingie kwa mzee yule nikiwa na kitu mkononi ambacho tungeweza kukiongelea.

Nilianza wiki tatu zilizopita, nikifuata video ya Mzungu mmoja mwenye subira. Mbao nyembamba nilizitoa kwenye masanduku ya matunda, nyingine alinichania fundi seremala wa Gerezani, akaniuliza, "Dada, hiki kitanda cha panya?" Vibanio vya nguo ndivyo vinavyoshikilia gundi mpaka ikauke. Ubao ukigoma kupinda, nauweka juu ya mvuke wa sufuria. Juzi kwa ajili ya ubao mmoja niliusahau wali, ukaungua, na Mama Nasra wa chumba cha jirani akapaza sauti koridoni:

"Bi harusi! Leo tunapika mbao au tunapika wali?"

"Vyote, mama!"

"Basi mbao ndiyo imeiva!"

Nilicheka, nikafunga mlango. Halafu nikagundua sikuwa nimetoa sauti tangu asubuhi.

Yule Mzungu alisema anza na mbavu, vile vijiti vilivyopinda vinavyoshikilia mbao za ubavuni. Nikakata mbavu kumi na moja, nikazisimamisha juu ya mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba chombo chote. Zilisimama vizuri jamani! Nikabandika mbao mbili za kwanza, nikapiga picha, nikamtumia Idrisa na vimoyo kumi na moja. Leo meli imetia nanga Mtwara, picha imemfikia, na badala ya kunijibu, mume wangu, mwanamume mzuri kuliko wote waliozaliwa, ameituma kwa baba yake.

Saa nane mchana simu ikaita. Baba mkwe. Nikajitupia mtandio kichwani kama vile ananiona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kakufundisha kuanza na mbavu?"

"Video, baba."

"Ya fundi gani?"

"Ya Mzungu."

Kisha akauliza, "Ubao wa pili umekataa kugusa mbavu ya tatu?"

"Umejuaje baba?"

"Si nauona. Sisi huku tunaweka mkuku, tunapandisha mbao, moja baada ya moja, mpaka chombo kijioneshe tumbo lake. Mbavu zinakuja baadaye, zinakatwa kufuata mbao. Wewe umeamua mbavu kwanza, sasa unazilazimisha mbao."

"Nifanyeje?"

"Vunja."

Nilihisi machozi yakinijaa. Mbavu zile ndizo nilizokaa nazo wiki tatu. Ndizo nilizokuwa nikiziambia habari za asubuhi, nikiri tu.

"Mkwe, unalia?"

"Hapana baba."

"Sijasema utupe. Nimesema vunja. Kitambaa cha maji ya moto juu ya gundi, itaachia yenyewe."

Halafu hakukata simu. Akanieleza ubao wa kwanza unavyokaa kwenye mkuku, akaruka kwenye chombo alichounda mwaka aliozaliwa Idrisa, akarudi kwenye ubao. Nilitazama saa, dakika arobaini. Anameza maneno ya kwanza halafu yanamwagika, kama mtu ambaye hajaongea tangu alfajiri. Sauti hiyo naijua. Ni yangu, ile ninayomjibu nayo Mama Nasra.

"Siku ile ya harusi," akasema ghafla, "niliwahi kuondoka. Shughuli zote nilikuwa nakwenda na mama yake Idrisa. Sikujua nikae wapi."

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Nilijua. Sikuwahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja. Wiki zote hizi nilikuwa nikijihurumia mimi tu.

Nimeanza kuvunja. Mbavu nne zimetoka nzima, moja imekatika. Mkuku unaanza kubaki peke yake mezani.

Kabla ya kuagana baba aliuliza, "Idrisa anapata likizo lini, mje?" Nikamwambia bado hajajua. Akasema haya, haya, mara mbili, kwa ile sauti ya kufunga maongezi. Na mimi, niliyepangiwa kusubiri kila kitu mpaka Idrisa arudi, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Baba, nitakuja mwenyewe. Na mkuku wangu. Kabla mwezi huu haujaisha niko hapo Kivinje."